Nywila ya Bernadetha

Jumanne, saa kumi jioni

"Hakuna atakayevunja mlango," Gati alisema. "Tutafunguliwa."

Chumba cha nyuma cha duka la Oduol, pale Nkende, kilikuwa na mashine mbovu ya kunakili, maboksi ya karatasi na kiti kimoja. Kiti alikalia Gati. Oduol, mwenye duka, alisimama.

Walikuwa wanne. Gati alikuwa mwizi wa ng'ombe mstaafu, kama wizi una kustaafu. Nyangwine, mpwa wake, alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Oduol alipiga picha za pasipoti mchana, na jioni akazitengeneza zile nyaraka ambazo ofisi zilikataa kuzitoa. Wa mwisho alikuwa Vedasto, bodaboda wa Mugumu, aliyechimba dhahabu miaka mitatu na kuambulia kifua kibovu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tangu dhahabu ilipozuka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kampuni moja ya ununuzi ilikuwa imeweka karani kwenye kila machimbo. Karani hakuruhusiwa kulala na dhahabu. Akishanunua, alifungua fomu mtandaoni kwa simu yake, akajaza mahali alipo na uzito wa mzigo, na gari la kampuni likaja kuuchukua. Mwanzoni fomu ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo chake. Watu wakaichezea. Mlevi mmoja aliita gari la dhahabu hadi kilabuni akitaka lifti ya kurudi nyumbani. Kuanzia hapo kampuni iliifunga fomu kwa nywila. Bila nywila huoni hata kisanduku cha kwanza.

"Ukiingiza paswadi sahihi," Oduol alieleza, "unatumiwa namba ya safari. Walinzi wakifika, wanauliza namba tu. Sura hawaulizi."

"Na paswadi iko wapi?" Nyangwine aliuliza.

Gati aligeuka. Alimtazama Vedasto, na wengine nao wakamtazama.

Vedasto aliijua. Wiki iliyopita dada yake, Bernadetha, karani wa kampuni hiyohiyo, alikuwa ameangushwa na malaria. Alitetemeka kitandani, simu imemteleza mkononi, mzigo wa siku umebaki bila kuombewa gari. Alimwita mdogo wake, akamtajia nywila, akamwelekeza kisanduku kimoja baada ya kingine. Alimwambia asimwambie mtu. Huyo ndiye dada aliyemlea tangu mama yao azikwe, aliyeacha shule ili yeye asome, na shule yenyewe Vedasto hakuimaliza.

"Lakini nywila ni moja kwa makarani wote," Vedasto alisema. "Si ndiyo, mzee? Hawawezi kujua imetoka kwa nani."

"Ni moja kwa wote, mura," Gati alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Kama bomba la kijiji."

Oduol aliinama, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Vedasto alimwona na hakuelewa. Angeuliza pale pale, pengine mengi yasingetokea, ila alikuwa na hamu kubwa ya kuamini.

Gati akaingia kwenye lililomkosesha usingizi, nalo ni nyayo. Kwenye wizi wa ng'ombe, kijiji kilichoibiwa hufuata nyayo. Zikiingia kijiji cha jirani, jirani huyo lazima aonyeshe zilikotokea. Akishindwa, analipa yeye. Gati alikuwa amefuatwa hivyo maisha yake yote. Alipowaza wizi, aliwaza ardhi.

"Pikipiki mbili zinatoka barabarani kwenda kwenye nyumba yangu ya korongoni," alisema. "Zinaacha alama. Nyangwine, utakuwa na ng'ombe wangu ishirini kichakani. Tukipita tu, wapitishe juu ya alama zetu mpaka mlangoni. Upesi. Asibaki hata mstari mmoja wa tairi."

Nyangwine alitikisa kichwa kukubali. Oduol alisema ni akili nyingi. Vedasto naye alikubali, na ndivyo watu wanne wazima walivyopitisha ujinga bila hata mmoja kukohoa.

Jumatano, saa tano asubuhi

Kibanda kilikuwa kando ya barabara ya Mugumu, mbele kidogo baada ya kuvuka Mto Mara. Zamani kilitumika kuuzia maziwa. Sasa kilikuwa na mabati manne na popo.

Gati alikuwa amekusanya simu za wote na kuzitia mfukoni, isipokuwa moja, simu mpya ya Oduol yenye laini isiyo na jina lao. Oduol alifungua kiungo. Kioo kikawa cheupe, kisanduku kimoja katikati, na maneno mawili juu yake: Ingiza nywila.

"Andika wewe," Gati alimwambia Vedasto.

"Nitamtajia Oduol."

"Andika kwa mkono wako."

Vedasto aliandika. Efrazia, jina la mama yao, na mwaka waliomzika. Vidole vilimwasha. Alimwona Bernadetha kitandani, midomo imekauka, akilitaja jina hilo herufi kwa herufi ili asikosee.

Fomu ikafunguka.

Oduol alijaza yaliyobaki: mahali, uzito, aina ya mfuko. Aliomba wawe kituo cha mwisho cha siku, ili gari lifike likiwa limeshapitia machimbo mengine. Namba ya safari iliingia kabla hajairudisha simu mfukoni.

"Imekubali," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

Saa saba mchana

Landkruza jeupe lilisimama mbele ya kibanda. Ndani dereva na walinzi wawili. Oduol alikuwa amevaa kizibao cha kung'aa kama wavaavyo makarani, barakoa usoni. Vedasto alikaa kwenye pikipiki, kofia ngumu kichwani, kioo kimeshushwa. Pikipiki ya pili ilikuwa nyuma ya kibanda pamoja na Gati. Pamoja na Gati ilikuwepo pia bunduki, SMG iliyovuka mpaka wa Sirari ndani ya gunia la mahindi.

Mlinzi mmoja alishuka. Mtu wa makamo, mcheshi.

"Habari za kazi? Namba?"

Oduol alitaja namba.

"Sawasawa. Leo ni Bernadetha ameomba gari, nikasema kumbe amepona. Yuko wapi?"

Vedasto alisikia. Kwenye kofia ngumu pumzi yake ilirudi usoni ikiwa ya moto. Mlinzi amejuaje ni Bernadetha? Kama nywila ni ya wote, jina limetoka wapi?

Hakupata nafasi ya kumaliza wazo. Gati alitokea.

"Chini! Wote chini!"

Dereva alilala chini. Mlinzi wa pili alitupa silaha yake dirishani. Yule mcheshi naye aliinua mikono, akapiga magoti taratibu, akisema, "Nina watoto, bwana, chukueni." Alikuwa ameshatii. Gati alimpiga risasi ya tumbo hata hivyo.

"Kwa nini?" Oduol alipiga kelele. "Alikuwa chini! Mzee, alikuwa chini!"

"Beba mifuko."

Mifuko sita ya turubai, kila mmoja na lakiri yake nyekundu. Midogo kuliko mtu anavyodhani, na mizito. Gati alivunja redio ya gari, akawafunga dereva na mlinzi wa pili kwenye bampa. Aliyepigwa alibaki ameshika tumbo, akiita jina la mtu ambaye Vedasto hakumjua. Pikipiki zikaacha lami.

Nyuma yao, kichakani, Nyangwine alipiga mluzi. Ng'ombe ishirini walikurupuka.

Saa nane mchana

Nyumba ya korongoni ilikuwa ya matofali mabichi, dirisha moja, mlango mmoja wa mbao. Gati aliijenga kwa ajili ya mifugo ya watu wengine. Waliingiza pikipiki ndani. Muda si mrefu Nyangwine akafika na ng'ombe, wanahema, mapovu mdomoni. Aliwasukumia bondeni nyuma ya nyumba, akaingia akicheka.

"Alama zote zimekufa, mjomba. Hata mimi nisingeziona."

"Giza likianza, Sirari," Gati alisema. "Kesho mpo Kenya."

Vedasto hakuivua kofia. "Yule mlinzi alimtaja dada."

Nyangwine aliacha kucheka.

"Alimtaja kwa jina. Alijuaje?"

Oduol alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kati ya magoti. Alijibu bila kukiinua.

"Kila karani ana paswadi yake, omera, ndugu yangu. Fomu inaandika ni nani amefungua. Hiyo kitu nilimwambia mzee tangu mwanzo."

"Oduol," Gati alisema.

"Nilimwambia! Akasema ni vizuri hivyo."

Vedasto alimgeukia Gati. Mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye bunduki kwa pindo la shati, bila haraka.

"Nyayo lazima ziishie mahali, mura. Hizi zitaishia kwa dada yako. Polisi watamshika yeye, watamuuliza yeye, wiki nzima. Sisi tutakuwa mbali."

"Ni mgonjwa."

"Basi watamhurumia."

Vedasto alimrukia. Nyangwine alimdaka katikati, akamkandamiza ukutani kwa mkono mmoja mpaka udongo ukamwagika shingoni mwake. Akamwachia akaanguka. Vedasto alilia. Alilia kwa hasira na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi, maana nywila aliiandika mwenyewe na hakuna aliyemshika mkono.

Saa tisa alasiri

Yowe la kwanza lilitoka mbali, upande wa barabara. Sauti ya mwanamke. Likajibiwa kilimani. Likajibiwa tena karibu zaidi.

Nyangwine alienda dirishani. "Mjomba. Watu."

"Polisi?"

"Si polisi. Wana mikuki. Na pinde. Ni wengi." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtoto. "Wanainama. Wanafuata nyayo."

"Nyayo gani? Zimefutwa!"

"Za ng'ombe, mjomba."

Gati alisogea dirishani, akatazama. Hapo ndipo ilipomwingia. Nchi ile pikipiki zinapita kutwa nzima na hakuna anayegeuza shingo. Lakini ng'ombe ishirini wanaokimbizwa jua la saa saba, na kijana asiyejulikana hapo kijijini, bila kibali, bila mbwa wala mchungaji? Mama mmoja akichota maji aliwaona, akaweka ndoo chini, akapiga yowe. Vijiji viwili vilikuwa vimeshaamka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na habari za dhahabu. Walikuja kuwaokoa ng'ombe wa Gati kutoka kwa Gati.

Oduol alianza kucheka, kicheko kibaya, akashindwa kukiacha.

"Watatuchoma," Nyangwine alisema. "Wezi wa ng'ombe wanachomwa."

"Nyamaza nifikiri."

Wakati Gati anafikiri, Oduol alitambaa hadi alipokaa Vedasto. Alimwekea simu mkononi, ile mpya, akaufunika kwa kizibao chake.

"Nisamehe," alinong'ona. "Fanya unachoweza."

Vedasto aligeukia ukuta. Alifungua fomu. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha maoni. Angeandika humo kwamba ni yeye, kwamba dada hajui lolote, na kampuni ingesoma. Akaingiza jina la mama yake na mwaka wake.

Nywila si sahihi.

Akaingiza tena polepole, herufi kwa herufi.

Nywila si sahihi. Wasiliana na ofisi.

Walikuwa wameshaifunga. Maana yake walikuwa wameshamfikia. Akaipiga namba ya Bernadetha. Iliita mara nyingi.

"Nani?"

"Mimi."

Pumzi ya dada ilikatika. Kisha alizungumza chinichini na haraka.

"Usitaje jina. Wako sebuleni. Wamesema nivae, twende kituoni. Athanas amekufa, umesikia? Yule mlinzi. Alikuwa ananiletea machungwa nikiumwa."

"Dada, sema ni mimi. Sema ulinitajia."

"Nimeshasema sijamtajia mtu. Nimeapa mbele yao."

"Kwa nini?"

"Nikisema nilikutajia wewe, wanakunyonga wewe na mimi wananifunga kwa kukutajia. Kuna faida gani? Bora mmoja." Akakohoa. "Umekula?"

Kutoka upande wa pili mlango uligongwa, na sauti ya mwanamume ikasema, "Mama, tunachelewa." Simu ikakatika.

Alibaki ameikodolea macho. Sasa aliliona lote. Akisema dada alimtajia, dada ni mwongo na mshirika. Asiposema kitu, dada ni mwizi na muuaji. Palibaki mwanya mwembamba mmoja tu: nywila aliiiba. Alimchungulia. Kiapo cha Bernadetha kingebaki safi, na jina lake lingetoka kwenye ile fomu. Ila hilo lazima alitamke yeye mwenyewe, akiwa hai, mbele ya watu watakaomsikia. Na nje kulikuwa na watu waliokuja na viberiti.

Saa kumi jioni

Waliizunguka nyumba. Jiwe la kwanza lilipiga bati.

"Tokeni na ng'ombe wa watu!" Sauti ya mwanamke, kali, iliyozoea mikutano. "Mimi ni mtendaji wa kijiji, Agustina. Anayetoka mikono juu hatachomwa. Nawazuia vijana kwa dakika chache tu!"

Gati alimnyanyua Vedasto kwa ukosi.

"Wewe huku hawakujui kwa wizi. Mimi wananijua, na Nyangwine wamemwona na ng'ombe. Toka uwaambie ng'ombe ni wako. Umenunua mnadani, umepotea njia, unaomba radhi. Unaongea lugha yao, watakusikiliza." Akamsukumia mtutu mgongoni. "Nitakuwa dirishani. Neno moja la dhahabu, nakulaza."

"Sawa, mzee."

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Gati aliamini. Maisha yake yote watu walipoona mtutu walimwelewa. Akaondoa komeo.

Mwanga ulimpiga Vedasto machoni. Watu walijaa hadi juu ya korongo, vijana kwa wazee, mishale kwenye pinde. Mbele alisimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitenge kimefungwa juu ya suruali, simu mkononi. Vedasto alitembea mikono juu. Aliogopa sana, na hakuna haja ya kumsingizia ushujaa ambao hakuwa nao; aliogopa mpaka mkojo ukamtoka. Lakini alitembea kumwelekea yule mama, maana kila hatua ilimpeleka karibu na simu ile.

"Shikamoo, mama."

Watu waliguna. Mwizi anaamkia!

"Marahaba," Agustina alisema. "Ng'ombe ni wa nani?"

"Ng'ombe si wa wizi, mama. Wizi ni mwingine." Akavuta pumzi, na yote yakamtoka kwa mkupuo. "Naitwa Vedasto, wa Mugumu. Tumeiba dhahabu ya kampuni, leo, barabarani, Gati ndiye ameua mlinzi, yumo ndani, nywila niliiba mimi, dada yangu Bernadetha hakunitajia, nilimchungu—"

Bunduki ililia dirishani.

Alianguka kifudifudi. Hakusikia maumivu, ila mgongo ulikuwa umelowa na miguu haikuwa yake tena. Juu yake watu walipita wakikimbia, miguu mingi, makelele. Risasi nyingine. Mshale, mwingine, mingi. Mlango uliangushwa. Alisikia Nyangwine akiita mjomba, akasikia Oduol akisema kwa Kijaluo maneno ambayo huenda yalikuwa sala, kisha kelele za watu zikafunika kila kitu, na moshi ukaanza.

Mtu alimgeuza. Agustina alikuwa amepiga magoti, kitenge chake amekifungua na kukikandamiza kwenye jeraha.

"Polisi wameshapigiwa. Usilale, kijana."

"Rekodi."

"Unasemaje?"

"Rekodi, mama. Kwa simu. Tafadhali."

Alimtazama, akaelewa, akabonyeza. Akaisogeza karibu na mdomo wake.

"Dada yangu Bernadetha hakunitajia nywila," Vedasto alisema. "Nilimchungulia."

"Lini?"

Swali hilo hakuwa amelitayarishia jibu. Alitafuta, na kichwa kilikuwa kinazidi kuwa chepesi. Akaona kitanda, midomo iliyokauka, mkono wa dada wenye joto juu ya wake ukimwelekeza kisanduku cha kwanza.

"Alikuwa mgonjwa. Aliandika mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mlangoni."

"Hakukuona?"

"Hakuniona."

"Una hakika? Hili jambo litafika mahakamani, mwanangu. Hakukuona kabisa?"

"Hakuniona, mama. Alinipa mgongo." Damu ilimjia mdomoni, akaitema kando ili maneno yasikike. "Imeshika? Nisikilizishe."

Agustina alirudisha nyuma, akabonyeza, akamwekea simu sikioni. Vedasto alisikiliza sauti yake mwenyewe hadi mwisho. Kisha akasema upepo umeingia pale penye jina la dada, halisikiki vizuri, na akaomba arudie.